Barabara ya Mstari Mzima

Dereva wa gari la wagonjwa alikutwa amekufa chini ya gari lake, midomo imepasuka, dumu la maji na tangi la mafuta havina hata tone. Mbele ya matairi barabara iliishia kwenye korongo ambalo mbuzi asingethubutu kulishuka. Kwenye ramani mpya iliyokuwa kitini, barabara hiyohiyo ilivuka korongo, ikapanda nyanda za juu za jangwa na kufika kisimani.

Daktari wa polisi alisema ni kiu. Idara ya Ramani ikatangaza kwamba ni ulevi.

Hilo ndilo lililomchemsha Inspekta. Damu ya marehemu haikuwa na pombe. Mtu kafa kwa kiu, na bado wanamvua nguo mbele ya mama yake!

Alimkuta Mkuu wa Ramani ofisini, akichonga penseli.

"Mstari mzima maana yake nini?"

"Barabara iliyopitwa na mpimaji."

"Na wa vipandevipande?"

"Imeonekana kwenye picha za angani tu. Haijakanyagwa."

"Hii ya korongoni umeichora mstari mzima. Aliikanyaga nani?"

"Mimi mwenyewe. Lakini afande, madereva hawa si unawajua."

"Ukipita unaacha nini?"

"Kigingi cha chuma, kila kona. Ndiyo kazi yetu."

"Nimezipita kona zote mpaka korongoni. Sikukuta hata kimoja."

"Watu huving'oa."

"Kule ni mwamba mtupu. Kigingi hakisimami bila kutoboa tundu. Na matundu nayo wameyang'oa?"

Penseli ilimvunjikia mkononi.

"Niligeuza gari kabla ya kona ya kwanza," alisema. "Naliogopa lile jangwa. Vijana niliowafundisha kazi wanalala kule wanaimba. Ningewaambia nini? Picha ilionyesha njia huku na njia ng'ambo. Katikati palikuwa na kivuli. Nikaziunga."

"Na ulevi?"

"Ilibidi kosa liwe la mtu."

Inspekta alitamani kumzaba kofi. Akamfunga pingu, akamtoa hadi kwenye benchi la ukumbini alipokuwa ameketi mama wa marehemu.

"Mwambie wewe mwenyewe."

Mkuu aliinamisha kichwa. "Mama, mwanao hakulewa. Wala hakupotea. Aliifuata ramani yangu sawasawa."



"Ndivyo alivyokuwa tangu mdogo," alisema mama. "Ukimwambia pita hapa, anapita."