Kikombe cha Saa Nne

"Usitikise kichwa, dada, nitakuchora jicho la tatu."

"Rudia ulichosema."

"Nimesema usitikise kichwa."

"Kabla ya hapo."

Mpambaji akashusha brashi. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye mdomo usiokaa na kitu, na mchana ule alitamani angezaliwa bubu.

"Nilidhani unajua," alisema. "Ratiba ya mwezi ujao imebandikwa mlangoni kwa wahariri. Wewe umepelekwa saa sita usiku. Saa nne kapewa yeye."

"Yeye nani?"

"Yeye huyohuyo. Saa Tano."

Mwanamke aliyekaa kwenye kile kiti akiandaliwa kwa picha za matangazo, uso nusu umepakwa poda na nusu ukiwa kama alivyoamka nao, watazamaji walimwita Saa Nne. Miaka sita alikuwa na kipindi chake cha maongezi kila saa nne usiku, na jina la kuzaliwa lilibaki mdomoni mwa mama yake tu. Kijana aliyeingia hewani baada yake, studio ileile, meza ileile, kiti kikiwa bado na joto, walimwita Saa Tano. Kati ya vipindi vyao kulikuwa na dakika moja ya makabidhiano. Saa Tano huingia, wawili hao hupigana vijembe, mmoja huinuka na mwingine hukaa. Saa Tano humwambia mwenzake kwamba anacheka kama kengele ya shule. Mwenzake humjibu kwamba vichekesho vyake ni vikavu, mtu asivisikilize bila maji. Watu waliipenda dakika hiyo kuliko vipindi vyenyewe, na mitandaoni walishagawanyika timu mbili.

Ambacho timu zote mbili hazikujua ni kwamba maadui hao walikuwa wapenzi, na mwaka wa pili ulikuwa unaelekea ukingoni. Juu ya meza ile palikuwa na kikombe cheupe. Watu walidhani ni cha maji. Kumbe kila usiku, kabla ya kuinuka, Saa Nne alitumbukiza humo kikaratasi kilichokunjwa, na Saa Tano alipokinyanyua mara ya kwanza hakuwa anakunywa, alikuwa anasoma. *Soksi zako hazifanani. Nimekuachia chakula kwako, pasha moto. Nakupenda, mjinga wewe.*

Na Jumamosi ya wiki hiyohiyo Saa Tano alikuwa aje kujitambulisha kwa mama yake Saa Nne.

Saa Nne alitoka na nusu yake ya uso hadi mlangoni kwa wahariri. Akasoma ile karatasi mara tatu, kisha akapiga simu palepale alipokuwa amesimama.

"Mpenzi," sauti ilikuwa nzito. "Ndiyo naamka."

"Saa tisa mchana."

"Si unanijua."

"Nilidhani nakujua. Nipo mbele ya ratiba ya mwezi ujao."

Hapo Saa Tano akauliza swali ambalo angelipa chochote kulirudisha.

"Nani kakuonyesha?"

Angeuliza ratiba gani, angepona. Saa Nne aliegemea ukuta.

"Kwa hiyo ulijua. Tangu lini?"

"Siku tisa. Mkurugenzi aliniita ofisini kwake. Sikuiomba hiyo saa, naapa, na wala sijaikubali."

"Siku tisa. Jumapili tulishinda wote. Ulinimenyea machungwa, ukanisimulia habari za paka wa jirani yako, na hili likabaki tumboni."

"Nilikuwa naliweka mpaka Jumamosi. Nilipanga nianze na mama, afurahi, tule, tucheke, halafu mwishoni kabisa nikuambie, pamoja na suluhisho. Ninalo suluhisho."

"Mwishoni kabisa," alirudia taratibu. "Baada ya matangazo."

Hapo Saa Tano alijiona. Watangazaji wa usiku wana ugonjwa huu wote: jambo kubwa hulitaja mwanzoni kwa mafumbo, wakalining'iniza saa nzima, wakalitoa dakika ya mwisho ili mtu asibadilishe chaneli. Saa Nne mwenyewe alikuwa nao. Ila hakuwahi kumfanyia mtu wake.

"Mimi si mtazamaji wako," alisema, na sauti ilianza kumponyoka. "Saa ni yangu. Miaka sita ni yangu. Hukuwa na haki ya kunining'iniza kwenye jambo langu mwenyewe."

"Nimekosea."

"Jumamosi usije."

Akakata. Simu ilipoanza kuita tena aliizima, akarudi kwenye kiti, akamwambia mpambaji amalizie nusu iliyobaki.

Usiku ule makabidhiano yalikwenda kama kawaida kwa asiyejua. Kengele ya shule, maji ya kushushia vichekesho, watu wakacheka. Saa Nne akainuka bila kumtazama usoni. Saa Tano akakaa, akakaribisha watazamaji, akanyanyua kikombe.

Kilikuwa kitupu.

Alikiangalia ndani. Akakiinamisha kidogo, kama kuna kitu kimejibana pembeni. Sekunde nne zikapita hewani bila neno, na sekunde nne kwenye televisheni ni ndefu mno. Fundi wa sauti alishaanza kubinyabinya vitufe akidhani chombo kimekufa. Kisha Saa Tano akasema, "Tuendelee," na aliendesha kipindi kizima bila kuchekesha mtu.

Asubuhi yake, Saa Nne alikuta ujumbe kwenye simu: *Sitaki saa yako. Sikutaka tangu siku ya kwanza. Nilitakiwa kukuambia siku hiyohiyo, saa hiyohiyo. Sina la kujitetea.*

Hakuujibu. Alikwenda kwa mama.

Mama yake alikuwa fundi cherehani mstaafu, na kustaafu kwake kulikuwa kwa maneno tu, maana cherehani bado ilikuwa sebuleni mkabala na televisheni, na alishona macho yakiwa kwenye kioo. Kwa miaka yote hiyo alimchukia Saa Tano kwa moyo mmoja. Siku binti yake alipomwambia kwamba yule ndiye atakayekuja Jumamosi, mama aliuliza mara mbili kama hakuna mwingine.

"Mama, furahi. Haji tena."

Mama hakufurahi. Aliondoa mguu kwenye pedali.

"Amefanya nini?"

Saa Nne akaeleza yote, ratiba, siku tisa, machungwa. Alipofika kwenye machungwa akalia, na mama alimwachia alie mpaka akachoka.

"Basi ndiyo maana," mama alisema.

"Ndiyo maana nini?"

"Jana nilimwona anachungulia kile kikombe. Nikasema huyu kijana ana msiba. Mtu hatazami kikombe kitupu namna ile kama ndani hakuzoea kukuta kitu."

"Kwa hiyo sasa unamtetea? Si alikuwa anamwita mwanao kengele ya shule?"

"Simtetei. Bado sijamsamehe hiyo kengele. Nakuuliza tu, unalilia saa au unamlilia mtu?"

Saa Nne akafuta pua. "Vyote."

"Basi vitenganishe. Aliyekuhamisha ni mkurugenzi. Aliyekuficha ni huyu. Wewe unampiga huyu kwa makosa ya wote wawili, na mkurugenzi amekaa ofisini anakunywa chai. Umemwendea?"

"Bado."

"Miaka sita nakuona unawabana wakubwa kwa maswali, mpaka nakuonea fahari. Leo mkubwa wako mwenyewe anakukimbiza, nawe umekuja kunililia mimi. Nawa uso."

Ijumaa asubuhi Saa Nne alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, hakugonga sana, akaingia. Mkurugenzi wa vipindi alikuwa nyuma ya meza yake. Mbele yake, amevaa shati lililopigwa pasi upande mmoja, macho mekundu ya mtu asiyeijua saa tatu asubuhi, alikaa Saa Tano.

"Mmekuja pamoja?" mkurugenzi aliuliza.

"Hapana," walijibu kwa pamoja.

"Vizuri umekuja," mkurugenzi alimwambia Saa Nne. "Hili si lako wewe binafsi. Wenzetu wa stesheni ya pili wameweka mchekeshaji wao saa nne. Lazima nipambanishe mwanaume kwa mwanaume."

"Mkuu, niliporithi saa nne palikuwa na marudio ya taarifa ya habari. Nani aliwaleta watu pale?"

"Wewe. Sikatai."

"Na wanasubiri nini mpaka mwisho?"

Mkurugenzi akakuna kidevu. "Ile dakika yenu."

"Ukinipeleka saa sita, hiyo dakika imekufa. Atanipokea nani saa sita? Walinzi?"

Saa Tano akainua mkono, kama mwanafunzi.

"Naomba niseme. Na nitaanza na jambo kubwa, mengine baadaye." Hakuwa anamtazama mkurugenzi. "Nimekataa saa nne. Nimeomba kipindi cha asubuhi, kile ambacho mtangazaji wake amestaafu. Saa moja hadi saa tatu. Ndilo suluhisho nililokuwa naficha. Nampenda huyu, mkuu, huu mwaka wa pili unaelekea kuisha. Nilijua atahamishwa nikamficha siku tisa, nilikosea, na sikuja hapa ili anisamehe. Nimemaliza. Hakuna kilichobaki."

Chai ya mkurugenzi ilikuwa njiani kwenda mdomoni. Ikarudi mezani.

"Mnapendana? Nyie?"

"Nani kakuomba unipishe?" Saa Nne alimgeukia mwenzake. "Sikutaka unipishe. Nilitaka uniambie."

"Najua. Ndiyo maana nimekuambia. Ukitaka nisiende asubuhi, siendi."

"Wewe asubuhi? Wewe? Utaamka na nini?"

"Nimenunua saa ya mezani. Ina makelele kama..." akasita.

"Malizia."

"Kama kengele ya shule."

Saa Nne alijitahidi kukaza uso, ukamshinda. Alicheka kicheko chake chote, kilekile cha kutaniwa, na kilipoisha aligundua kwamba hasira imepungua na akili imerudi kazini.

"Mkuu, sikiliza," alisema akivuta kiti. "Mpe asubuhi. Meza ni moja, kikombe ni kimoja. Akimaliza saa tatu, mbele ya watazamaji, anaweka kikaratasi ndani ya kikombe na kukiacha pale. Mimi nakifungua saa nne usiku. Makabidhiano ya saa kumi na tatu. Watu watashinda kutwa wakibishana ameniandikia tusi gani."

Mkurugenzi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alikuwa mtu wa hesabu ya watazamaji, lakini hakuwa na roho mbaya.

"Na saa tano niweke nini?"

"Filamu," walijibu kwa pamoja.

"Miezi mitatu," alisema hatimaye. "Watu wakipungua, dada, unakwenda saa sita na sitaki kilio."

Nje kwenye korido walisimama wakitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake.

"Jumamosi nije?" Saa Tano aliuliza.

"Bado nina hasira."

"Najua."

"Njoo, hasira zangu zikiwepo hivyohivyo. Na usije ukamning'iniza mama yangu."

Jumamosi alipofika mlangoni kwa mama, kabla hata hajavua viatu, alisema, "Shikamoo mama. Nimekuja kuomba kumuoa binti yako."

"Marahaba," mama alijibu. "Kaa kwanza, hujapewa hata maji."

Walikula, waliongea, aliomba radhi ya kengele. Mwishoni mama akakunja kitambaa alichokuwa anashona, akasema hana jibu.

"Kijana, nasikia unalala mpaka saa tisa mchana. Mimi mwanangu simpi mtu wa hivyo. Unaanza asubuhi lini?"

"Jumatatu ya wiki ijayo, mama."

"Basi nitakutazama siku tano. Nikikuona umeamka kweli, nitakujibu."

Juma hilo mama hakushona kitu. Jumatatu Saa Tano alipiga miayo hewani mara saba, na watu walihesabu. Jumanne alisema "habari za usiku" mara mbili. Jumatano nywele za upande mmoja zilikuwa zimelala, na mpambaji alijitetea kwa kila aliyemuuliza. Lakini kila saa moja alikuwa ameketi kwenye meza ile, na kila saa tatu alikunja kikaratasi, akakitumbukiza kikombeni, akaondoka. Kila saa nne usiku Saa Nne alikitoa na kukisoma kwa sauti, na kila kimoja kilikuwa tusi zuri. Timu mbili za mitandaoni hazikulala.

Ijumaa usiku Saa Nne alikaa, akakaribisha watazamaji, akaingiza vidole kikombeni. Kikaratasi kilikuwa kimekunjwa mara nyingi kuliko kawaida. Akakifungua, akafumbua mdomo kusoma, akaufumba.

*Mama kapiga simu studio. Kasema ndiyo. Tusi la leo nitakuletea nyumbani.*

Sekunde moja. Ya pili. Ya tatu. Fundi wa sauti aliinua mkono kuelekea vitufe, kisha akaushusha, maana safari hii alimwona usoni. Machozi yalikuwa yanaharibu kazi yote ya mpambaji, upande wa kulia na wa kushoto.

"Leo siwasomei," Saa Nne alisema kwenye kamera. "Nina jambo kubwa, na sitawaweka mpaka mwisho. Nakwenda kuolewa. Ni na yule wa asubuhi."

Kisha akakirudisha kikaratasi kikombeni, akajipangusa uso kwa kiganja, akamkaribisha mgeni wake wa kwanza.