Hakijapumzika

Alfajiri ilikuwa bado mbali kijiko kilipogonga kikombe. Ting, ting. Ilikuwa sauti ndogo, lakini binti aliisikia hata akiwa ndani ya usingizi mzito. Tangu kiharusi kimchukue mama yake ulimi, kijiko hicho ndicho kilichomsemea. Mara mbili ni maji. Mara tatu, nigeuze.

"Naja, Mama," alisema, akipapasa kandambili gizani.

Akamnywesha, akamwosha, akamvalisha, kisha akamlisha mkate uliolowekwa kwenye chai, tonge kwa tonge. Si kazi ya kuharakishwa hiyo. Saa moja na nusu jirani wa mlango wa pili akaja kupokea zamu, baada ya kuwapeleka wajukuu zake shule. Alikuwa mwanamke mwema, lakini wema wake uliishia adhuhuri, maana naye alikuwa na kazi zake. Binti akavaa gauni lake la kijani, lile pekee lisilo na kiraka, akatia mkasi mkobani, akatoka mbio kwenda kutafuta kazi.

Langoni pa kiwanda cha mashati watu walijaa kama siafu. Kiwanda kilitaka mkataji mmoja tu, na siku hizo waliojiita mafundi walikuwa wengi kuliko mafundi. Kijana mrefu wa ofisi ya ajira, faili kwapani, kola imenyooka kwa pasi ila kifungo kimoja si ndugu wa vingine, alikuwa akikata vipande vya kitambaa kutoka kwenye jora na kumpa kila mtu.

"Kata mkono wa shati," alisema.

Mikasi ikaanza kulia. Binti alibaki ameshika kipande chake.

"Vipi dada, hujui?"

"Najua. Hiki sikikati leo."

"Kina nini?"

"Hakijapumzika. Kimekaa miezi mingapi kwenye jora, kimevutwa na kubanwa? Kikunjue, ukiache kilale usiku mmoja. Ukikikata sasa, siku ya kwanza kikifuliwa kitajivuta, na mwenye shati atatembea vifundo vya mikono nje."

Watu wakacheka. "Tukitandikie na kitanda?" akauliza kijana.

"Na mto, kama upo."

Naye akacheka, lakini kalamu yake iliandika kitu. Jioni ile aliyeitwa alikuwa mmoja, yule ambaye hakukata.

"Kazi ni saa moja kamili," alimwambia.

"Basi siiwezi, kaka." Akamweleza habari za mama na za jirani, bila kulia shida.

Mkurugenzi hakutaka kusikia. Binti, akiwa nje ya mlango, aliisikia sauti ya kijana, ya taratibu: "Mzee, mtu anayejua kungojea kitambaa, sisi tushindwe kumngojea yeye?" Akaandikiwa saa mbili.

Mapenzi yao hayakuja kwa kishindo. Yalianzia kwenye kile kifungo. Mchana mmoja binti alimwambia, "Bwana Faili, vua shati," na mafundi wote wakainua vichwa. Akakitoa kifungo, akamshonea kinachofanana na wenzake. Tangu siku hiyo simu ya binti ililia kila jioni.

"Umefika, fundi wangu?"

"Nimefika. Faili limelala?"

"Limelala. Mama ameshindaje?"

"Anakusikiliza. Kikombe kimemponyoka tena, mkono mmoja haukitoshi."

Halafu ng'ambo ya barabara kikafunguliwa kiwanda kipya, kikubwa. Mafundi wakaanza kuhamia huko mmoja mmoja. Siku moja mkuu wa ajira wa huko, mama mmoja mwenye miwani, akamwita binti. Alimwahidi mshahara mzuri na chumba cha ghorofa ya chini, hatua chache kutoka kiwandani.

"Nitafikiri," alisema binti, ingawa moyoni alikwisha kukataa. Angewezaje kumwacha mtu wake?

"Usifikiri sana. Tuliuliza habari zako kwenye ofisi yenu. Yule kijana ameandika barua ya kukusifu ukurasa mzima. Amesema tukuchukue."

Binti hakungoja jioni ifike. Alipiga simu palepale barabarani.

"Umewaandikia wanichukue?"

"Waliniuliza. Nikajibu ukweli."

"Miezi kumi na minne unaniita wako, kumbe unanitafutia mlango wa kutokea."

"Fundi wangu, nisikilize..."

"Mimi si wako."

Akahama kwa hasira. Jioni simu ikalia, hakuipokea. Ikalia siku ya pili, na ya tatu, kisha ikanyamaza. Mama yake aliitazama simu, akamtazama yeye.

Chumba kilikuwa chema, na jirani wao wa zamani aliendelea kuja asubuhi. Adhuhuri alikimbia kumlisha mama na kumgeuza, akarudi kazini kabla chai yake haijapoa. Kazi ilianza saa mbili, bila yeye kuomba. Baada ya mwezi na nusu alikwenda kumshukuru yule mama wa miwani.

"Usinishukuru mimi," alisema mama yule, akamtolea barua.

Binti akasoma akiwa amesimama. Sifa za mkono wake zilikuwemo. Chini yake, kwa mwandiko anaoujua: *Mkimtaka adumu, mpeni saa mbili asubuhi, na chumba cha karibu kisicho na ngazi. Ana mgonjwa. Sisi chumba hatuna.*

Akatoka uani, akapiga simu.

"Bwana Faili. Uko ofisini?"

"Niko stoo. Nimehamishiwa huku, nalala na majora."

"Umefanya nini?"

"Mzee alitaka niandike kuwa wewe ni mchelewaji, ili wasikuchukue. Sikuandika."

Binti alifuta macho kwa ncha ya futi ya kupimia iliyokuwa shingoni. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungebaki kwa ajili yangu. Na kila mchana Mama angekaa peke yake."

"Pengine. Lakini kuamua ni kwangu. Uliongea na kila mtu kasoro mimi."

"Ni kweli," alisema. "Hapo nilikosea. Nisamehe."

Jumapili akaja, shati jeupe, vifungo vyote ndugu. "Shikamoo, Mama," alisema akiinama, kisha akatoa kikombe chepesi chenye mikono miwili. Mama akakishika kwa mkono wake mzima na ule dhaifu, akanywa mwenyewe hadi chini. Binti akageukia dirishani kidogo.

"Nataka kukuoa," alimwambia mlangoni, kwa sauti ya chini.

"Nimevutwa sana mwaka huu. Niache kwanza nipumzike."

"Usiku mmoja?"

"Kitambaa kizito hiki."

"Nitangoja. Nimefundishwa."

Alipoinua mguu kutoka, kijiko kikagonga. Ting. Mara moja tu. Binti akarudi mbio. Mara moja haikuwa na maana yoyote kati yao. Akamshikia maji, mama akatikisa kichwa. Akataka kumgeuza, akakataa. Macho yake yalikuwa mlangoni, kwa mgeni, na midomo yake ilikuwa ikihangaika na neno.

"Njoo," alisema mama, polepole, kama anayeinua mzigo. "Njoo... tena."