Adolphine na Nyumba ya Magurudumu

"Mama Gentille, nijibu leo. Unanikubali ao unanikatala?"

Adolphine aliukumbatia mkoba wake, akaitazama trela nyeupe iliyofungwa nyuma ya pikapu. Ibada ilikuwa imekwisha hapo kanisani kwao Reynoldsburg, pembeni ya mji wa Columbus, Marekani, na waumini walipita karibu yao wakijifanya hawasikii.

"Papa Byamungu, weye nakupenda. Ile kitu yako ndiyo naogopa."

"Ni nyumba."

"Nyumba gani ina magurudumu? Miaka kumi na saba nililala chini ya shitingi ya plastiki kwenye kambi ya wakimbizi. Siku nilipopata ukuta na mlango hapa Columbus, nililia. Sasa unataka nirudi barabarani?"

Byamungu hakukasirika. Alikuwa mjane wa miaka sitini na minane, mtu wa Bukavu, aliyefanya kazi kiwandani Louisville mpaka akastaafu. Wenzake walidhani atakaa kwenye kochi azeeke. Yeye akanunua trela kuukuu, akang'oa sakafu iliyooza, akaweka mpya kwa mikono yake, kisha akarudisha ufunguo wa apatimenti. Tangu hapo aliishi humo mwaka mzima. Baridi ikianza, yuko Louisville. Joto likija, yuko Buffalo. Katikati hupumzika Columbus. Na kila alipoegesha, wajane na wazee walitengenezewa milango na ngazi zao, hata soda haombi.

"Bon, nisikilize," alisema taratibu. "Kambini ulikaa mahali pamoja miaka kumi na saba juu ya kuwa hawakukuacha utoke. Donc, barabara siyo ilikutesa. Ni kukatazwa barabara."

"Nipe wiki moja niombe."

"Siku ya Mungu nitakupigia."

Jumapili ikafika, simu kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, Adolphine, ambaye jibu lake alikuwa ameshalipata na kulifanyia mazoezi mbele ya kioo, aliona aibu kumpigia yeye mwanaume, akaacha hata kuimba akiwaogesha wajukuu.

"Mama, mwanaume wa barabara ndivyo alivyo," alisema Gentille, binti yake wa pekee, akifunga kamba za viatu vya kwenda kazini ghalani. "Amepita."

Wiki ya nne, simu ikaita kutoka West Side ya Buffalo. Alikuwa Mama Bonheur, rafiki yake tangu kambini.

"Dada yangu, weye ni mtu wa namna gani? Byamungu yuko hapa anatengeneza ngazi yangu, amenyamaza kama mtu wa matanga. Juu ya nini ulimwandikia vile?"

"Nilimwandikia nini?"

"Amenionyesha. Ngoja nikusomee: 'Usinipigie tena. Siwezi kuolewa na mtu asiye na nyumba. Niache na wajukuu wangu. Adolphine.'"

Adolphine akakaa kitandani.

"Mama Bonheur, tangu nipate simu, umeona hata siku moja nakuandikia?"

"Hapana," Mama Bonheur alisema. "Weye haujui kuandika, unatumaga sauti tu. Na Byamungu akikupigia, haiingii."

Gentille aliporudi kazini, alimkuta mama yake mezani, simu mbele yake.

"Nani alifungia namba ya Papa Byamungu kwenye simu yangu?"

Gentille alijibu kwa Kiingereza, kama alivyozoea akibanwa, kwamba hajui.

"Ongea luga nilikuzalia."

Gentille akabaki amesimama na jaketi lake, machozi yakaanza kumtoka.

"Ni miye. Mama, niko na weye tu. Kambini ulikuwa unafunga mkono wangu kwenye kitenge chako tusipotezane kwenye foleni. Sasa uende, ukae wapi? Na watoto nitabaki nao vipi?"

"Ungeniambia hivyo, ningekusikia. Lakini kuchukua mdomo wangu ukasemea maneno yako, hapo umenikosea."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Kesho naenda Buffalo."

"Na nani?"

"Na basi."

Adolphine hakuwa amewahi kusafiri peke yake Marekani. Gentille mwenyewe ndiye aliyemwandikia karatasi ya kumwonyesha dereva, mahali pa kubadilisha basi. Mama Bonheur akampokea, akampeleka kwa gari hadi kwenye uwanja wa trela nje ya Cheektowaga, kando ya Buffalo.

Byamungu alikuwa amechuchumaa akiunganisha mpira wa maji. Alipomwona, mpira ukamponyoka, maji yakamrukia magotini.

"Sikuandika," Adolphine alisema kabla ya salamu. "Ni woga wa Gentille. Miye nimemsamehe, na weye umsamehe."

"Nilidhani ulimtuma aandike. Nikapiga mara tatu, haikuingia."

"Na ukaamini?"

Byamungu aliinamisha kichwa. "'Mtu asiye na nyumba.' Neno lile lilinishika. Nikasema, pengine ni kweli."

Adolphine akapanda ngazi mbili za trela, akaingia bila kukaribishwa. Kitanda kimetandikwa, mapazia yamepigwa pasi. Sahani zimefungwa kwa mkanda zisianguke safarini. Ukutani, karatasi yenye majina ya wazee wa miji mitatu, na kando ya kila jina kilichoharibika nyumbani kwake. Akafungua bomba, maji yakatoka. Akawasha jiko, likawaka.

"Mwanaume anayefunga sahani hivi," alisema, "nyumba iko naye."

"Kumbe unanikubali?"

"Ngoja. Lori la kukimbia vita lilinibeba. Lori la kambini likanibeba. Kila mara nimekaa nyuma, sijui tunaenda wapi. Ukinioa, sibebwi. Utanifundisha kufunga trela, kuisawazisha, kuirudisha nyuma. Na kila mwezi, wiki moja tunaegesha Columbus kwa wajukuu."

"Nakubali yote. Lakini tuanze na kufunga bomba la nje, Mama. Nimelowa."

Ndoa ilifungwa mwezi wa kumi, Reynoldsburg. Kabla ya viapo, Gentille aliomba maikrofoni.

"Papa Byamungu, niliandika kwamba hauna nyumba. Nilisema uongo. Mbele ya kanisa, nisamehe."

Mzee akamshika mikono yote miwili. "Mungu hakunipa binti. Leo nimempata."

Jioni ya kuondoka, magari ya wageni yalikuwa yameibana trela pande zote. Byamungu alishika usukani akatoa jasho. Ndipo bibi harusi aliposhuka, akakunja kitenge chake, akasimama nyuma ya trela na kuinua mikono.

"Kuja! Kuja! Kata kushoto! Simama!"

Kwaya nzima ilikuwa kibarazani, midomo wazi. Trela ilirudi nyuma polepole, ikapita kati ya magari mawili kwa upana wa kiganja. Huko barabarani magari yalikuwa yakipita mbio. Gentille akavua viatu vyake virefu, akakimbia mpaka katikati ya lami, akanyoosha mikono miwili, na magari yote yakasimama.

"Pita, Mama!" alipaza sauti, akilia na kucheka. "Pita!"