Mpiga Hodi wa Chiola

Haya yalimpata shemeji yangu Silvanus, mume wa mdogo wangu Albina, kule Chiola. Wapo wanaosema alivuka mto akaenda Msumbiji na mwanamke. Waache waseme. Mimi nilikuwa ndani ya chumba kile, na Silvanus namjua vizuri. Asingemwacha Albina peke yake hata akifa.

Nilikwenda kwao mwezi wa nane, mikorosho imeanza kutoa maua na watu wote wananuka salfa ya kuipulizia. Nilitoka Nanganga asubuhi na kikapu cha ming'oko, ile mizizi yetu ya porini. Albina alinipokea kwa vigelegele. Silvanus alinipokea kwa swali.

"Shemeji Catherine, karibu. Umekuja na nani?"

"Na miguu yangu," nikamjibu.

Ndivyo alivyokuwa. Albina akichelewa kisimani anaulizwa alikuwa na nani, akiwahi anaulizwa nani kamsaidia kubeba ndoo. Kanga zikitolewa kambani, Silvanus anazinusa kwanza ndipo zikunjwe. Kulikuwa na kijana mmoja, Luhende, ambaye ndugu zake walihamia Chiola na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Alileta maziwa kila mchana, akagonga mwimo wa mlango kwa fimbo mara mbili, akaita, "Mama, maziwa!" Basi kwa Silvanus ile fimbo ilikuwa ushahidi tosha. Wivu wa namna ile hauchekeshi, unachosha.

Kitu pekee alichokipenda bila kukigombeza kilikuwa buibui. Zamani alimsaidia mtafiti mmoja kukusanya wadudu wa mikorosho. Mtafiti akaondoka, Silvanus akabaki na ugonjwa wa buibui. Tena si wa kila aina. Alifuga wale wanaokula buibui wenzao. Kila mmoja alikuwa na kindoo chake cha plastiki angavu, juu kimefunikwa kipande cha chandarua, ndani kijiti na pamba iliyolowekwa maji. Vindoo hivyo alivipanga kwenye ubao chumbani mwao, chini ya dirisha. Albina alikuwa akivifutia vumbi huku amegeuza uso.

Siku ile akanionyesha. Alichukua kamoja kadogo, kama takataka ya jani kavu, akakaingiza kwenye kindoo chenye buibui mwingine aliyekwisha kutanda utando wake.

"Huyu namwita mpiga hodi. Mwenye utando haoni vizuri, anasikia kwa miguu. Utando ndio mlango wake. Sasa tazama."

Yule mdogo aliweka miguu ya mbele kwenye uzi wa pembeni, akautikisa. Akatulia. Akautikisa kwa namna nyingine. Akatulia tena.

"Hajui mwenzake anataka mdundo gani," Silvanus akaninong'oneza. "Anajaribu tu. Mwenye nyumba akisogea hata kidogo, basi, anaurudia uleule. Kila mtu, shemeji, ana hodi anayoifungulia."

Maneno hayo aliyasema akimtazama Albina, aliyekuwa ameinama uani akiosha ming'oko.

"Na mwenye nyumba akiwa mkali kuliko mgeni?"

"Hapo mgeni ndiye chakula. Hutokea."

Na ndicho kilichotokea. Mwenye utando alishuka polepole, halafu akakimbia ghafla, na yule mdogo hakuwahi kuruka. Jioni Silvanus alinionyesha kilichobaki. Ganda tupu lilining'inia, miguu yote ipo, tumbo lipo, ila jepesi kiasi kwamba nilipopumua karibu nalo likageuka. Nilirudi Nanganga sijisikii vizuri.

Haikupita muda akanipigia simu.

"Shemeji, njoo. Nimemfumania mdogo wako."

"Na nani?"

"Njoo kwanza," akasema.

Kwetu mume hawezi kumrudisha mke kwao kwa jambo hilo kwa maneno yake tu. Lazima awepo mtu wa upande wa mke aliyesikia au kuona mwenyewe. Shahidi huyo nilitakiwa niwe mimi. Ningekubali, Albina angerudi Nanganga na furushi lake na aibu yake, na mikorosho aliyoipanda kwa mikono yake angeiacha kwa Silvanus. Niliapa njiani kwamba hilo halitatokea nikiwa hai.

Silvanus alinisubiri barabarani, macho mekundu. Akanisimulia tukitembea. Alimwambia mkewe anakwenda Ruangwa mjini, kisha akageuza kwa kupitia mashambani na kujibanza nyuma ya nyumba, kwenye dirisha la chumbani. Ilikuwa mchana wa jua kali, Albina amejilaza. Silvanus akagonga kwa fimbo mara mbili, kama Luhende.

"Weka hapo barazani, Luhende," Albina akajibu kwa usingizi.

Akagonga kama jirani yao, fundi cherehani.

"Mwenyewe hayupo. Njoo jioni."

Mume mwenye akili timamu angekwenda zake akicheka. Silvanus, mfuga buibui, akaanza kujaribu. Akagonga kwa kiganja. Akagonga kwa vidole. Akakwaruza kwa kucha. Hodi zisizo za mtu yeyote, alizozibuni palepale. Mwishowe akagonga kucha moja, vidole viwili vya haraka, halafu mkwaruzo mrefu kushuka chini.

Kitanda kikalia.

Akarudia mdundo uleule. Nyayo zikaja mpaka dirishani. Sauti ya Albina, laini kuliko alivyowahi kuisikia, ikasema:

"Umechelewa."

Silvanus akavunja komeo la dirisha. Akamkuta Albina kitandani, kalala fofofo, uso kaelekeza ukutani.

"Alijifanya," akaniambia.

"Na chandarua cha kitanda?"

"Kimechomekwa pande zote."

"Alikichomeka saa ngapi, Silvanus?"

Alisimama katikati ya njia, machozi yakamlenga. "Mimi hajawahi kunisemesha kwa sauti ile," akasema. "Hata siku ya harusi. Nataka kumjua huyo anayesemeshwa vile." Nilimwonea huruma, na papo hapo nikamchukia.

Nikamwambia sawa, tujaribu sote. Mimi nitakaa ndani na Albina, tukiwa macho, nimeshika mkono wake. Yeye agonge. Nilijua kwamba hakutakuwa na jibu na jambo litaishia pale.

Tuliingia chumbani muda uleule wa mchana. Komeo lilikuwa limetengenezwa. Tulikaa kitandani bega kwa bega. Albina alikuwa amekonda.

"Dada, mimi sina mtu."

"Najua. Usiseme neno. Acha mdomo wako niuone."

Nikavitazama vile vindoo. Wapiga hodi wote walikuwa wamejibanza upande wa mbali na dirisha, wamekunja miguu. Hakuna aliyetikisika.

Nje Silvanus akagonga. Kucha moja. Vidole viwili. Mkwaruzo mrefu.

Kimya.

Akarudia.

Kitanda kikalia. Sisi hatukusogea. Nilihisi godoro likiinuka upande wa nyuma yetu, kama mtu mzito kanyanyuka. Nyayo zikapita mbele ya magoti yetu. Sikuona kitu. Kanga yangu ilipepea. Zikaenda mpaka dirishani zikasimama.

"Umechelewa," ikasema sauti ya Albina.

Nilikuwa namtazama mdomo. Ulikuwa umefungwa. Meno yalikuwa yanagongana ndani.

"Umesikia, shemeji?" Silvanus akapiga kelele nje, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Umesikia!"

"Silvanus, toka hapo! Albina ninaye hapa!"

Hakunisikia. Wivu ulikwisha kumziba masikio. Akagonga tena, kwa nguvu. "Unamngoja nani? Toka nikuone!"

Komeo likainuka lenyewe.

Dirisha likafunguka taratibu. Mwanga ukaingia, na nikauona uso wa Silvanus. Hakuwa akitutazama sisi. Alikuwa anatazama kitu kilichokuwa karibu naye zaidi, na macho yake yalikuwa yanapanda juu, yanapanda juu.

"Albina?" akasema kwa unyonge.

Dirisha likafungwa.

Hakupiga ukelele. Tulisikia tu mfyonzo, kama mtu anafyonza bibo la mkorosho lililoiva. Ulikuwa mrefu. Halafu ukaisha.

Sijui tulikaa vile kwa muda gani. Kilichotutoa ni fimbo mlangoni, mara mbili, na sauti ya Luhende ikiita, "Mama, maziwa!" Tulimkimbilia, tukazunguka naye nyuma ya nyumba.

Nguo za Silvanus zilikuwa ukutani chini ya dirisha. Hazikutundikwa kwenye msumari. Zilikuwa zimeshika ukuta zenyewe, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, suruali ina mkanda, mkanda umebanwa. Chini yake viatu, kamba zimefungwa. Luhende akazigusa kwa ncha ya fimbo. Zikageuka.

"Mama," akasema polepole, "mwenye nguo ametokaje humu?"

Walimtafuta mashambani, wakamtafuta porini, wakachoka. Ndipo maneno ya Msumbiji yalipoanza. Mimi nilifanya lililokuwa langu. Nilisimama mbele ya wazee wa pande zote mbili nikasema kwamba mdogo wangu hana doa, nimeshuhudia kwa macho yangu. Wakanikubalia. Mikorosho ikabaki ya Albina. Kabla ya kuondoka alifungua vyandarua vya vindoo vyote, akawaacha wale buibui waende wapendako. Hakuna aliyepita dirishani. Wote walitokea mlangoni.

Albina sasa anakaa kwangu Nanganga. Alianza kunenepa, akaanza kucheka. Mwezi uliopita Luhende alikuja kumjulia hali, safari hii bila maziwa, kavaa shati jipya. Alikaa barazani mbele yangu kwa adabu zote, akazungumza habari za ng'ombe, akaaga. Niliona jinsi Albina alivyomsindikiza kwa macho, na nilifurahi.

Mchana huohuo hodi zikaanza.

Kwanza ilikuwa fimbo, mara mbili, kwenye dirisha la Albina. Luhende alikuwa amekwisha kupanda bodaboda. Kesho yake ikawa kwa namna ya jirani yangu. Halafu kwa namna ya katekista. Nikitoka nje hakuna mtu. Hazikuwa za usiku hata siku moja, ni mchana tu, jua la utosi, watu wamepumzika. Tulielewa sote bila kuambiana kwamba kuna anayejaribu. Tukapatana kutoitikia hodi yoyote. Hata mimi nikirudi kwangu sigongi, naimba tangu njiani.

Jana nilikwenda sokoni. Nilirudi naimba kama kawaida. Dirisha la Albina lilikuwa wazi.

Nilimkuta ameketi kitandani, mikono mapajani, anatabasamu kama mtu aliyeamshwa.

"Dada, mbona umepiga hodi halafu hukuingia?"

"Nilipigaje?"

Akanionyesha kwenye ubao wa kitanda. Kucha moja. Vidole viwili vya haraka. Mkwaruzo mrefu.

"Na wewe ulisema nini, Albina?"

Akanishangaa. "Nilisema umechelewa. Kwani hukuchelewa?"

Nikakimbilia dirisha nilifunge. Uzi mmoja mwembamba ulikuwa umepita juu ya ubao wa dirisha. Ulitokea nje, ukakatiza chumba, ukaja kuzunguka kidole chake cha pete. Niliukata kwa mkasi mbele yake, nikapigilia dirisha misumari.

Leo asubuhi nimemkuta amelala, mkono umening'inia nje ya chandarua. Misumari ipo yote. Uzi upo tena, na safari hii umekazwa kutoka nje.