Daraja Lililoachwa na Mto

Kila asubuhi kabla ya shule, Pilipili huwasha jiko la mkaa, na mama yake, fundi anayeshona sare za askari wa hifadhi, hupiga pasi. Jina hilo la utani alipewa na baba kwa sababu hasira zake ziko karibu. Asubuhi moja aliingia stoo kuchukua mkaa, akavuta gunia, akaona betri kubwa imefunikwa fulana kuukuu ya baba.

Aliijua. Ilikuwa ya tingatinga la hifadhi, na baba ndiye dereva wake. Juzi betri hiyo ilikutwa haipo, na mkuu wa hifadhi akaamini imeibiwa. Leo mlinzi wa karakana, jirani yao wa mlango wa pili, alikuwa anafukuzwa kazi.

Chanzo cha yote kilikuwa mto. Mto wa jangwani hukaa mkavu karibu mwaka mzima, kisha maji huja kwa kishindo yakisomba mchanga. Mchanga hujaa njiani, na siku moja maji huacha njia ile yakafuata palipo chini zaidi. Ndivyo ilivyotokea mvua zilizopita. Mto ulihamia nyuma ya kilima, nyasi zikaota huko, swala wakaufuata. Daraja jipya likabaki juu ya mchanga mtupu. Mkuu alimwagiza baba azibe njia mpya kwa udongo ili mto urudi darajani kabla wageni wakubwa hawajafika kulitazama.

Baba alikuwa anakunywa chai.

"Baba, betri ya tingatinga inafanya nini stoo?"

"Punguza sauti," baba alisema. "Nikiirudisha, nitaambiwa nizibe mto. Nikiuziba, mvua ijayo maji yatapita humu kwenye nyumba zetu. Unataka hivyo?"

"Nataka umwambie yeye maneno hayo. Mimi nikivunja sahani nasimamishwa hapo mlangoni mpaka niseme. Wewe umeficha betri, na anayeitwa mwizi ni jirani."

Mama aliweka pasi kando. "Kumbe ni wewe," alimwambia mumewe. "Na jana ulikaa hapa ukimsikitikia. Beba betri yako."

Baba aliibeba mpaka karakana huku jasho likimtoka. Pilipili alitangulia, na majirani wakawatazama. Walimkuta mlinzi akirudisha koti na tochi mbele ya mkuu.

"Betri haikuibiwa," baba alisema. "Niliificha mimi."

Mlinzi alimgeukia. "Jana ulinishika mkono ukanipa pole," alisema. "Ulikuwa unajua?"

Baba aliinama, akaitua betri miguuni pa mkuu.

"Basi utakayefukuzwa ni wewe," mkuu alisema.

"Shikamoo, mkuu," Pilipili aliingilia kwa hasira. "Naomba kwanza ukasimame chini ya daraja lako."

Mkuu alikunja uso, lakini daraja lilikuwa hapo hapo nyuma ya karakana, akaenda. Alipojaribu kusimama chini yake, kofia yake iligonga zege, ikabidi ainame.

"Lilipojengwa, malori yaliweza kupita hapo chini yake," baba alisema. "Sasa pamejaa mchanga. Ukiyarudisha maji, hayatapata pa kupita. Yatakuja kwetu."

"Mnadhani sijui?" mkuu alisema, bado ameinama. "Niliusimamia ujenzi huu mwenyewe. Wageni wakikuta daraja halina mto, nitawaambia nini?"

"Kwa hiyo baba amedanganya kuhusu betri," Pilipili alisema, "na wewe unataka tingatinga lidanganye kuhusu mto. Halafu aliyevuliwa koti ni mlinzi."

Mkuu alitoka chini ya daraja akijikung'uta mchanga. Alimrudishia mlinzi koti kwa mikono yake mwenyewe, akamwomba radhi. Baba alipewa onyo kali, akabaki na kazi yake. Amri ya kuziba mto ilifutwa. Wageni walipofika, mkuu aliwaonyesha daraja kavu, akawaeleza ukweli, kisha akawapeleka kwa miguu nyuma ya kilima. Wengine walinung'unika njiani, lakini walipowaona swala walinyamaza.

Jioni ya siku ile ya betri, baba alikwenda na Pilipili kwa mlinzi kuomba msamaha. Mlinzi aliwasikiliza akiwa mlangoni. Hakuwakaribisha ndani.

"Kuhusu mto nilikuwa na haki," baba alisema walipokuwa wanarudi. "Ilinipasa niseme waziwazi tangu siku ya kwanza. Niliogopa, nikadanganya, na adhabu ikamwangukia asiyehusika. Haki haitetewi kwa uongo, mwanangu. Wewe umenifundisha hilo leo, nami ndiye niliyepaswa kukufundisha."

Pilipili hakuwa amepoa bado. "Kesho asubuhi utamsalimia?"

"Nitamsalimia."

"Hata asipoitikia?"

"Hata asipoitikia," baba alisema. "Na kesho kutwa pia."