Mama wa Fomu ya Arobaini na Moja

Fomu ya arobaini na moja ilinuka udongo mbichi. Bwana Gélase, msimamizi wa utafiti, aliinusa ofisini kwake Lilongwe, akamtazama Nahayo, mhoji wake.

"Huyu mama Bukeyeneza, ulimuona kweli?"

"Nilimuona, patron."

Uongo mtupu. Kanuni ilikuwa kuhoji kila mlango wa kumi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na ukikuta umefungwa, unaurudia mara tatu. Mlango wa fomu ile ulikuwa wa selo ya mwisho ya gereza la zamani lililogeuzwa kambi, umepigiliwa misumari. Nahayo, mwalimu aliyekimbia Burundi mwaka juzi, njaa ilikuwa inamuuma siku ile. Akaketi kivulini akajitungia mjane: miaka hamsini, anakohoa, anaishi peke yake. Kazi hii ndiyo iliyomtoa kambini, na angegundulika angerudi kule kule. Basi fomu aliipika, tena akaipika ikaiva.

"Hapa kuko bantu wawili kwa nyumba," alisema Gélase kwa Kiswahili cha kwao Kongo, "lakini jina ya wa pili haiko. Kesho tunaenda kuuliza."

Nahayo alikuwa ameandika mmoja. 

Walifika kwa gari la ofisi saa sita, jua la utosi. Misumari haikuwepo. Harufu ya udongo mbichi iliwapokea, kisha sauti: "Karibuni." Mama mmoja alikuwa ameketi gizani, na Gélase akamsomea maswali, naye akayajibu neno kwa neno kama Nahayo alivyoyatunga, hata kikohozi alikikohoa pale pale kilipoandikwa, na Nahayo akajua kwamba yule si binadamu bali ni jini lililokaa humo miaka yote likingoja mtu wa kulipatia jina.

"Patron," alinong'ona, "nilidanganya. Huyu mama hayuko. Tutoke!"

"Hayuko namna gani? Si njo huyu anajibu?" Gélase akageuka. "Mama, unaishi na nani?"

"Na mwanangu Nahayo. Njo yeye aliniandika."

Gélase aliandika, akashukuru, akatoka. Nahayo akamfuata hatua nne, saba, kumi, ndani ya chumba cha hatua nne tu, na mlango asiufikie.

Nje, dereva aliuliza, "Na Nahayo?"

"Nahayo gani? Ule mtoto wa mama? Mi nilikuja mwenyewe."

Gari likawaka, likaondoka. Nahayo alipiga ukuta kwa ngumi, akalia kwa sauti. Mama akachomoa fomu mpya kwenye mkoba wa Nahayo, akamsogezea kigoda.

"Kaa, mwanangu. Swali la kwanza. Jina lako nani?"

Nahayo alifungua mdomo. Hakulikumbuka.