Kipimo cha Lori Linaloning'inia

Saa moja asubuhi, siku ya Jumamosi, lori lilikuwa karakanani juu ya stendi nne za chuma, magurudumu yakining'inia. Chini yake ilionekana miguu ya Baba tu.

"Chiriku, spana namba kumi na tisa!"

Binti yake wa darasa la sita alimpa kabla hajamaliza kutamka. Alibandikwa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Tangu mvua zikate barabara ya mlimani, maneno yake yote yalimrudia mtu mmoja: mama yake, muuguzi wa zahanati ya huko juu. Kwa miezi mitatu hakuna gari lililofika. Muuguzi wa kumpokea zamu naye alikuwa amekwama mjini, akingoja usafiri. Simu ikishika mtandao, Chiriku alisikia nusu ya salamu, kisha kimya. Usiku alilala upande wa mama kitandani, na asubuhi akautandika kana kwamba mama ndiye aliyeamka hapo.

Lori hili lilikuwa na uwezo wa kufika. Injini yake ilisukuma magurudumu yote manne, na Baba alikuwa ameliinua kwa springi ndefu ili lipite juu ya mawe. Lakini kazi huzaa kazi. Propela, lile bomba la chuma linalopeleka mzunguko kwenye ekseli ya nyuma, sasa ilikuwa fupi, tena imeinama mno. Ili kupunguza mwinamo huo, Baba aliishusha kidogo giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ilibaki kurefusha propela. Dereva alikuwa ameahidi: wakimaliza mchana, Chiriku atapanda naye, alale kwa mama yake, arudi Jumapili.

"Naenda dukani kutafuta krosi za kuungia propela," Baba alisema akijifuta grisi. "Dereva akija, akusaidie kulishusha lisimame kwa miguu yake. Ndipo upime kutoka giaboksi ndogo hadi ekseli, umpelekee Cheche. Si kabla."

Chiriku alisubiri. Jua lilipanda, dereva hakutokea. Mwishowe alitambaa chini ya lori na futikamba, akapima vilevile lilivyoning'inia. "Tofauti ya nukta tu," alijiambia.

Cheche, mchomeleaji wa karakana ya jirani, alikisoma kipimo, akamtazama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Limekanyaga chini?"

"Ndiyo."

"Makubwa! Leo chiriku anajibu kwa neno moja." Cheche alicheka, akavuta bomba na kuwasha mashine.

Dereva alifika na maboksi ya dawa za zahanati, akilaumu pancha. Baba naye akarudi. Wawili hao waliliinua lori kwa jeki, wakaondoa stendi, wakalishusha taratibu. Chiriku alitazama. Springi zilijikunja chini ya uzito, na ekseli ikapanda na kuikaribia giaboksi ndogo. Nafasi aliyoipima ilipungua kwa zaidi ya upana wa vidole vinne.

"Kaweke mkoba wako mbele, bibie," dereva alimwambia. "Mama atadhani anaota."

Mkoba ulikuwa begani tayari. Ng'ambo ya ukuta, mwanga wa kuchomelea ulimulika na kuzimika. Angenyamaza, wangeondoka leo.

"Baba, nilipima likining'inia."

Baba aligeuka. "Na Cheche ulimwambiaje?"

"Nilimdanganya."

Baba alipofika kwa Cheche, ncha zote mbili za bomba zilikuwa zimeshachomelewa. Cheche alivua miwani yake myeusi. "Basi tukate, tunyooshe, tuanze upya. Leo haiwezekani."

"Nisamehe, mjomba."

"Nimekusamehe. Ila geti la mteja wangu sasa litangoja, na mwenye geti ana ulimi mkali kuliko msumeno wangu."

Jumapili walipakia dawa zote kwenye lori lililosimama chini, lipimwe likiwa na mzigo wake. Baba alimpa Chiriku futikamba ileile. Alipima mara mbili, akasoma kwa sauti. Propela ilipokwisha kufungwa, jua lilikuwa linazama. Lori lingeondoka Jumatatu alfajiri, na Jumatatu ni shule. Chiriku aliketi juu ya tairi kuukuu akalia.

Baba aliketi kando yake. "Lingepita juu ya jiwe, ekseli ingepanda, propela hiyo ndefu kupita kiasi ingeipiga giaboksi na kuipasua. Huko kuna korongo, mwanangu. Kumkumbuka mama si kosa, hata mimi namkumbuka. Lakini chuma hakijui tunamkumbuka nani. Kinajua kipimo tu. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado la kukatwa kwa msumeno. Na jana ulisema."

Lori lilipanda Jumatatu na dawa, na muuguzi wa kupokea zamu. Chiriku alikuwa darasani.

Jumanne jioni lilirudi, matope hadi kwenye vioo. Dereva alisema springi zilijikunja hadi mwisho pale mtoni, na propela haikugusa kitu. Baba alilala chini kuhakikisha. Mlango wa upande wa pili ukafunguka, na Mama akashuka.